Hita ya Karakana na Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai

Mkono wa kiti umeanguka tena. Mara ya tatu! Jana niliugundisha, nikaufunga kwa kamba, nikauacha upumzike kama mgonjwa. Leo asubuhi nimeugusa kwa kidole kimoja tu. Pu! Chini.

Nimesoma maelezo nyuma ya kopo la gundi, jambo ambalo mwanaume mwenye heshima zake hulifanya mwisho kabisa. Gundi haishiki chini ya nyuzi joto kumi na tano. Nikatundika kipimajoto karakanani. Nyuzi tisa. Nikakitikisa. Nyuzi nane.

Kwa hiyo si mimi. Ni baridi! Nikaingia ndani kumpa mke wangu habari hii njema. Alikuwa kwenye cherehani, hakuinua kichwa. Akasema mama yake anakuja Jumapili ya tarehe ishirini na moja, atakaa nasi mpaka baridi iishe, maana magoti hayamwachi alale. Atapewa chumba cha cherehani. Nikasema vizuri sana, mama ni mama. Akasema cherehani nayo inahitaji mahali. Nikasema sebuleni. Akasema karakanani.

Akaendelea kwa ile sauti yake ya upole, ambayo ni mbaya kuliko kelele, kwamba tangu nistaafu, miaka miwili sasa, kitu pekee kilichotoka karakanani kikiwa kamili ni mimi mwenyewe, saa ya kula. Nikamtajia rafu. Akanitazama tu. (Rafu ile inaegemea ukuta. Au ukuta unaegemea rafu, sina hakika.)

Tumekubaliana hivi. Kiti nilichomwahidi mama yake kikiwa tayari siku atakayofika, karakana ni yangu na cherehani itakaa sebuleni. Kisipokuwa tayari, nipange zana zangu kwenye maboksi.

Nilikuwa mtunza stoo miaka thelathini. Niliwapa watu misumari, wao wakaenda kujenga. Mimi sikuwahi kutengeneza kitu ila orodha. Karakana hii ndiyo mahali pekee duniani ninapoitwa fundi, hata kama anayeniita hivyo ni mimi. Siitoi!

Nahitaji hita.

Jumanne, 9 Julai

Mke wangu ameshauri nimwite kaka yake. Nimejifanya sikusikia.

Kaka yake ni fundi umeme. Ana cheti, ana leseni, na ana testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, iliyochomekwa mfukoni mwa shati hata siku za harusi, ndiyo maana namwita Testa, ingawa si mbele yake. Mwaka juzi nilibadilisha balbu tatu za barazani, zote zikagoma kuwaka. Akaja, akabonyeza swichi. Tangu siku hiyo akinikuta kwenye kundi la watu lazima aulize: "Shemeji, balbu hazijambo?" Bora nigande.

Nimekwenda dukani peke yangu na fomu niliyoiandaa: aina, nguvu, uzito, rangi, maoni. Muuzaji ni mama mtaratibu mwenye miwani ya kamba. Akaniuliza maswali kama daktari. Karakana ina upana gani? Dari je? Mlango unafunga vizuri? Ina laini yake ya umeme? Nikajibu yote kwa kujiamini. Mlango nikasema unafunga. Umeme nikasema ni wa kiwandani. Sijui hata nilimaanisha nini.

Akanionyesha aina tatu. Ya kwanza ina feni, inapuliza hewa ya moto. Ya pili ina mafuta ndani, inachelewa kupata moto lakini inakaa nao. Ya tatu ni paneli ya kutundika ukutani, haina feni wala moto wa kuonekana, inapasha joto watu na vitu badala ya hewa. Akasema kwa mahali penye vumbi la mbao, yeye angechukua paneli. Paneli yenyewe ilikuwa nyembamba kama trei. Trei gani itanipa joto mimi?

Nimechukua yenye feni. Wati elfu tatu, kubwa kuliko zote, nyekundu. Akanionya isichomekwe kwenye ekstensheni, akanipa karatasi nisaini kwamba nimeonywa. Nikasaini. Saini yangu bado ni nzuri sana, ya kiofisi.

Jumatano, 10 Julai

Karakana haina soketi. Nilijua, ila nilikuwa nimelisahau jambo hilo kwa makusudi. Ina balbu moja tu.

Nimeleta ekstensheni ile ya gurudumu kutoka chini ya kitanda. Nikaichomeka jikoni, nikaupitisha waya dirishani na kuukatisha uani mpaka karakanani. Nusu ya waya ilibaki, nikaiacha imejikunja kwenye gurudumu lake. Safi kabisa. Waya uliotapakaa sakafuni ni aibu kwa mtunza stoo.

Saa nne kamili nikawasha. Ee, raha! Hewa ya moto usoni. Nikavua koti. Nikavua sweta. Nikashika randa, nikaanza kupiga mluzi. Dakika nne!

Kisha kimya. Nikasikia friji imenyamaza, redio imenyamaza, cherehani imenyamaza katikati ya mkono wa gauni. Mke wangu alikuwa amechomeka birika la chai. Breka imeruka.

Nikamwambia birika ndilo lenye kosa. Akasema birika lile tunalo miaka tisa na halijawahi kukosana na mtu.

Alhamisi, 11 Julai

Ratiba! Tatizo la nyumba hii si umeme, ni utawala. Nimechora jedwali lenye mistari miwili miwili na kulibandika kwenye mlango wa friji. Birika: saa moja hadi saa moja na robo asubuhi. Pasi: Jumamosi tu. Jiko la umeme: kwa maombi ya maandishi. Hita: muda wote uliobaki.

Saa nne nikakuta jedwali limesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hita: saa nane hadi saa tisa alasiri. Chini yake ameandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, kwamba maombi ya maandishi yamepokelewa na kukataliwa.

Saa nane nimewasha. Hita inanguruma vizuri, ila kipimajoto hakipandi. Kumi. Kumi na moja. Kumi. Nikatoka nje nikaone kuna nini.

Mlango wa karakana ni wa bati, na chini yake kuna uwazi wa kupitisha paka. Paka mwenyewe alikuwepo hapo, mgongo umegeukia joto, macho yamefumba. Pembeni yake alisimama jirani yangu aliyekuwa kocha wa mpira, ambaye mtaa mzima unamwita Kocha, akianika suruali zake za mazoezi kwenye kamba aliyoifunga kwenye mlango wangu. Akanishukuru. Akasema tangu asubuhi alikuwa akijiuliza nguo zake zitakauka lini, na kwamba watu wenye roho kama yangu wamebaki wachache.

Nikasema karibu.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeziba uwazi wa mlango kwa blanketi kuukuu mbili na godoro la mtoto wetu wa mwisho, ambaye sasa ana watoto wake. Saa nane na nusu: nyuzi kumi na nne! Gundi nyuzi kumi na tano! Bado moja!

Saa nane na dakika arobaini, Kocha akagonga. Amekuja kulalamika. Suruali zake hazikauki. Akauliza, kwa heshima zote, kama nimebadilisha kitu, maana jana huduma ilikuwa nzuri.

Nilifungua mlango ili nimjibu vizuri. Nyuzi kumi.

Jumamosi, 13 Julai

Leo sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu nimezoea.

Mke wangu alikwenda sokoni asubuhi. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu: hakuna birika, hakuna cherehani, hakuna kalamu nyekundu. Niliwasha saa tatu. Saa tano na nusu kipimajoto kikasoma kumi na sita. Nikapaka gundi. Mkono wa kiti ukashika! Nikaketi kwenye lundo la maranda mbele ya hita, nikautazama tu. Nadhani nilisinzia.

Niliamshwa na harufu. Nikajua ni gundi mpya, nikafumba macho tena. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu uani, si ya upole, sauti ambayo sijaisikia tangu mtoto wetu alipoanguka kisimani akiwa na miaka mitano.

Gurudumu la ekstensheni lilikuwa linafuka moshi. Waya ule uliojikunja ndani ulikuwa umeyeyuka, umeshikana wote kuwa donge moja jeusi. Mke wangu alizima swichi kuu, akachomoa, akamwaga ndoo ya mchanga. Akaja karakanani. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwenye hita, maranda mpaka kwenye magoti. Akanishika bega. Hakuuondoa mkono wake.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliketi kwenye kibao cha mlangoni, vikapu vya sokoni vikiwa bado uani, nyanya zimetawanyika. Nilizikusanya moja moja. Niliogopa, na bado naogopa sasa hivi ninapoandika.

Alimpigia simu kaka yake. Sikumzuia.

Jumapili, 14 Julai

Testa amefika baada ya chai. Amevaa shati la kanisani, testa mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari za balbu. Hakuzisema. Alichuchumaa mbele ya donge lile jeusi, akaligeuza kwa kijiti. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Akasema amefanya kazi hii miaka ishirini na sita, ameona waya umeungua, ameona waya umeliwa na panya, lakini waya uliofungwa nadhifu namna ile ukapikwa ukaiva wote, hii ni mara ya kwanza.

Kisha akaacha kucheka na kunieleza kwamba waya ukiwa umekunjwa hauwezi kupoa, joto linajirundika ndani, na kwamba ekstensheni lazima ikunjuliwe yote. Nadhani ndivyo alivyosema. Sikusikiliza sana, bado nilikuwa na hasira za kuchekwa.

Akatoa hukumu. Hita ya feni kwenye chumba cha maranda ni kuita moto kwa jina lake: inavuta vumbi, inalichoma, inalipuliza. Itarudi dukani. Ataweka paneli ya ukutani, wati elfu moja na mia tano. Atavuta laini mpya kutoka ubao wa swichi hadi karakanani, na breka yake peke yake, ili birika la dada yake liishi kwa amani. Mlango utapigwa mpira chini.

Ana masharti mawili. Nishike ngazi. Ninyamaze.

Jumatatu, 15 Julai

Nimerudisha hita dukani. Mama mwenye miwani akafungua faili, akatoa karatasi yangu, akaniomba niisome kwa sauti. Niliisoma. Kulikuwa na wateja wawili. Akaniomba nisome na jina la aliyesaini.

Baada ya hapo akanibadilishia bila kinyongo. Akasema paneli ile nimefanya chaguo zuri. Nikamwambia ndiyo niliyoipenda tangu mwanzo.

Jumatano, 17 Julai

Nimeshika ngazi tangu saa mbili asubuhi. Testa akitoboa ukuta huimba, na anajua nusu tu ya kila wimbo.

Ugomvi mmoja. Mimi nataka paneli juu ya meza yangu ya kazi. Yeye anataka ukuta wa mkabala, juu, ielekee meza na isipate vumbi. Alichora alama kwa penseli. Alipokwenda kula, nilizifuta alama zake nikachora zangu, mahali pangu. Mtunza stoo anajua kitu kinakaa wapi!

Akarudi, akachukua drili, akapanda ngazi kwenye ukuta wake, akatoboa bila hata kutafuta alama. Alikuwa amepima kwa uzi na kuweka msumari mdogo. Kisha, bila kunitazama, akasema kwamba pale nilipochora ndipo linapopita bomba la maji ya jikoni, endapo nilikuwa na mpango wa kuoga karakanani.

Nilinyamaza. Ndilo lilikuwa sharti.

Alhamisi, 18 Julai

Nyuzi kumi na nane!

Haipigi kelele. Hainuki. Unaingia tu, na kuna joto, kama jua la asubuhi limekusubiri humo ndani. Birika lilichemka saa nne na breka haikuruka. Mke wangu akachungulia dirishani na kuinua kikombe chake kunionyesha.

Gundi imeshika. Mikono yote miwili, mgongo, miguu minne. Mmoja ni mfupi kidogo, nimeuwekea kipande cha ngozi. Kwa muda mrefu leo sikufanya kazi yoyote. Nilikaa tu katikati ya vitu vyangu, mikono ikiwa na joto, nikafurahi. Umri wangu huu! Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Paka anakwaruza mlango kwa nje. Kocha pia, nadhani.

Jumamosi, 20 Julai

Kiti kimekwisha. Nimekipiga msasa, nimekipaka vanishi mara mbili. Nikamwita mke wangu.

Alikizunguka. Akabonyeza mikono. Akaketi, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Kiti hakikusema kitu. Akaegemea. Akafumba macho. Akasema, "Baba, umeweza." Basi. Maneno mawili, miaka thelathini na moja ya ndoa. Nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia vanishi.

Karakana ni yangu. Amesema cherehani itaingia sebuleni kesho.

Jumapili, 21 Julai

Mama mkwe amefika saa tano, makoti mawili, shali tatu, fimbo. Testa ndiye aliyemleta kwa gari lake la kazi. Nikamwamkia shikamoo Mama, akajibu marahaba baba, akauliza kwa nini nyumba yetu ni ya baridi hivi.

Tukampeleka chumba cha cherehani. Akaketi kitandani, akasimama. Akasema kitanda ni kizuri lakini kina baridi ya kaburi. Mke wangu akaleta blanketi. Mama akasema tatizo si blanketi, ni magoti.

Hapo nikaona saa yangu imefika. Nikamletea kiti. Akakaa. Akasema kiti hiki kimemshika vizuri, nani amekitengeneza? Nilivimba kichwa. Nikasema ni mimi, Mama. Akauliza nimekitengenezea wapi. Ningesema popote! Ningesema kwa rafiki. Lakini nilikuwa nimevimba kichwa. Nikamshika mkono nikampeleka mwenyewe, Testa nyuma yetu na kiti begani.

Akaingia. Akasimama katikati. Akatoa shali ya kwanza. Ya pili. Akafungua koti. Akaniomba niweke kiti pale, hapana, pale, mbele ya paneli. Akakaa, akanyoosha miguu, akaangalia magoti yake kwa mshangao, kama jamaa waliorudi safari. Akatoa shali ya tatu. Akasema tangu mwezi wa tano hajalisikia joto la namna hii. Akauliza hiki ni chumba cha nani.

Nilifungua mdomo. Mke wangu akafika kabla yangu. "Ni chako, Mama."

Mama akaniangalia na machozi yamemlengalenga. Akasema amezaa watoto sita na kuozesha wanne, lakini mkwe aliyemjengea chumba chenye moto wake hajamsikia hata kwenye hadithi. Akanibariki. Ningefanya nini? Nikasema amina.

Kitanda kiliingia kabla ya chakula cha mchana. Meza yangu ya kazi ilitoka, na Testa aliibeba mwenyewe, akiimba.

Jumatatu, 22 Julai

Naandika nikiwa koridoni. Randa na misumeno iko chini ya kitanda chetu. Meza ya kazi iko uani chini ya turubai, na Kocha ameanza kuanikia soksi zake hapo. Cherehani haikuhama hata hatua moja. Inalia tangu asubuhi, kwa furaha kabisa.

Nilijaribu kupiga msasa kibao kidogo uani. Nyuzi saba. Mama akafungua mlango wake, akaniomba kwa upole nipunguze makwaruzo kidogo, baba, amelala. Paka alikuwa mapajani mwake.

Nimefikiri sana. Nimekaa chini nikaichambua hali hii kiofisi. Mama hakupenda karakana. Amependa joto! Chumba cha cherehani kikiwa na joto kuliko karakana, Mama atahamia humo kwa miguu yake mwenyewe, cherehani itakwenda sebuleni kama tulivyokubaliana, na mimi nitarudi kwenye meza yangu kabla ya mwisho wa wiki.

Kwa hiyo nimerudi dukani. Ile nyekundu bado ilikuwepo, wati elfu tatu. Kwenye chumba cha cherehani hakuna maranda, hakuna hatari yoyote. Mama mwenye miwani akanitazama kwa muda, akafungua faili, akanipa karatasi. Nikasaini.

Soketi ya chumba kile ina cherehani, kwa hiyo nitavuta umeme kutoka jikoni kupitia koridoni. Testa hana haja ya kujua, ataanza kuimba. Nimenunua na ekstensheni mpya, ndefu kuliko ya kwanza. Imebaki nyingi sana, lakini haitamkwaza mtu. Nimeikunja yote vizuri kwenye gurudumu lake.